Alan Turing, mtu aliyefundisha mashini kufukia na kufukua

Sokoni Kasongo, saa za mangaribi, vijana wanasimama mbele ya vibanda vya kuchaji telefone. Betri zimejaa nguvu ya jua. Mfanyabiashara anachukua telefone yake, anafungua ile programu ndogo ya kuhesabu, anaandika bei ya magunia ya mchele aliyoyaleta toka Kabambare, na jibu linatoka palepale. Jambo dogo sana. Lakini kati ya kidole na jibu kumepita safari. Ile programu haisemi na chuma cha telefone moja kwa moja. Inatembea ndani ya mashini ya pili, mashini ya kuigiza, isiyo na chuma wala nyaya, iliyoandikwa tu kama barua inavyoandikwa. Na mashini hii ya kuigiza, ikifika kwenye kazi isiyoiweza yenyewe, inaita kwa jina kazi zingine za zamani zilizoandikwa kwa lugha inayoitwa C. Inangojea, inapokea jibu, inarudi kuendelea pale ilipoachia.

Lugha C ilitengenezwa Marekani karibu mwaka wa 1972. Telefone za Android zilianza kuuzwa 2008. Lakini mawazo mawili yanayobeba safari hiyo ni ya zamani kuliko hapo. La kwanza ni mashini moja kuishi ndani ya ingine. La pili ni kuita kazi iliyo tayari na kukumbuka njia ya kurudia. La kwanza liliandikwa na mtu mmoja mwaka wa 1936. La pili, huyohuyo ni kati ya watu wa kwanza kabisa kuliandika, mwisho wa 1945. Jina lake Alan Mathison Turing. Alikufa 1954, umri wake miaka 41, na Leta ya inchi yake ndiyo iliyomhukumu miaka miwili mbele ya kifo.

Alizaliwa London tarehe 23 mwezi wa sita 1912. Baba yake, Julius, alikuwa mtumishi wa serikali ya Waingereza kule India, na mama yake, Ethel Sara, alimfuata bwana wake. Alan na kaka yake John wakabaki Uingereza mikononi mwa watu wengine, mume na mke wazee, aliyekuwa mwanajeshi. Watoto waliolelewa mbali na wazazi juu ya kazi ya wakoloni walikuwa wengi, hata upande wa wakoloni wenyewe.

Mwaka wa 1926 akapelekwa shule ya Sherborne. Siku ya kufungua masomo, wafanyakazi wa inchi nzima walikuwa kwenye mgomo, hakuna gari la moshi. Kijana wa miaka 13 akapanda baiskeli, hii kinga tunayoijua, akapiga karibu kilometa 100 toka Southampton, akilala njiani usiku mmoja. Watu wa kinga wa njia ya Kabambare wanajua kilometa 100 ni nini, hata kama barabara ya kule haina matope ya huku.

Pale shuleni walimu hawakumpenda sana. Mwandiko wake mubaya, mavazi ovyo, akili yake yote kwenye hesabu na sayansi wakati wao walitaka Kilatini. Rafiki yake wa karibu, Christopher Morcom, alikufa mwezi wa pili 1930 kwa kifua kikuu. Turing hakulisahau pigo hilo. Kwa muda mrefu akabaki anajiuliza roho ya mtu na mwili wake vinaungana namna gani, na kama akili inaweza kukaa ndani ya kitu kingine kisicho nyama. Kazi yake yote ya baadaye inalizunguka swali hilo.

Aliingia King's College, Cambridge, 1931. Mwaka wa 1935, kwa umri wa miaka 22, chuo kikamchagua kuwa mmoja wa wasomi wake. Mwaka uliofuata akaandika makala yaliyobadili mambo.

Swali lilikuwa la wataalamu wa hesabu tu: je, kuna njia moja ya kuamua, kwa kila sentensi ya hesabu, kama inaweza kuhakikishwa? Turing alilijibu kwa mtindo ambao hakuna aliyeutumia. Alimchukua mtu anayefanya hesabu kwa penseli, akamvua kila kitu kisicho cha lazima. Akabaki na nini? Utepe mrefu wa karatasi uliogawanywa vyumba vidogo, jicho linaloona chumba kimoja kwa mara moja, mkono unaoweza kuandika au kufuta alama na kusogea kushoto au kulia, na orodha ya maagizo: ukiona alama hii ukiwa katika hali hii, fanya hivi. Basi. Kila hesabu ambayo mtu anaweza kuifanya kwa kufuata maagizo bila kubuni, mashini hiyo ya karatasi inaiweza.

Kisha akaenda hatua ya pili, na hapo ndipo telefone ya Kasongo inapoingia. Orodha ya maagizo ni maandishi. Maandishi yanaweza kuandikwa kwenye utepe. Kwa hiyo inawezekana kutengeneza mashini moja ambayo kazi yake ni kusoma orodha ya mashini ingine yoyote na kuigiza matendo yake, hatua kwa hatua. Ni kusema hauhitaji mashini ya kujumlisha, na ingine ya kupanga majina, na ingine ya kucheza muziki. Moja inatosha, ukiipa maandishi. Mashini za kuigiza zilizo ndani ya telefone za leo ni wajukuu wa wazo hilo.

Makala yalikuwa na habari mbaya pia. Turing alionyesha kwamba hakuna njia moja inayoweza kutazama orodha yoyote ya maagizo na kusema mbele ya wakati kama itafika mwisho au itazunguka milele. Haiko, na haitapatikana, hata mashini ikiwa na nguvu namna gani. Ukibonyeza kitufe na telefone ikaganda, duara linazunguka tu, usimlaumu sana fundi. Kazi imeitwa na haijarudi, na hakuna kanuni ya kujua kwa kila kazi kama itarudi.

Alisoma Princeton, Marekani, toka 1936 mpaka 1938, akarudi na shahada ya udaktari. Vita ilipoanza 1939 akaingia Bletchley Park, nyumba kubwa kaskazini ya London ambamo Waingereza walikusanya watu wa kufungua siri za adui.

Wajerumani walikuwa wakituma amri zao kwa redio, kwa alama za Morse, baada ya kuzifunga kwa mashini iitwayo Enigma. Redio haichagui masikio. Kila mwenye antena alisikia, lakini alisikia herufi zisizo na maana. Wa kwanza kuifungua Enigma hawakuwa Waingereza bali Wapoland watatu, Marian Rejewski, Jerzy Różycki na Henryk Zygalski, waliowapa Waingereza na Wafaransa ujuzi wao mwezi wa saba 1939. Heshima hiyo husahauliwa mara nyingi. Turing alichukua pale walipofikia, akachora mashini mpya ya umeme, Bombe, iliyojaribu mipangilio kwa haraka na kutupa isiyowezekana. Ya kwanza ilianza kazi mwezi wa tatu 1940. Yeye mwenyewe aliongoza kikundi cha kufungua siri za manowari zilizokuwa zikizamisha meli za chakula na silaha katika bahari ya Atlantiki.

Wakati huohuo, mbali na pale, wazee wa Maniema walikuwa wakichimba kasiterite na kukusanya kauchu kwa vita hiyohiyo. Mwaka wa 1942 Wabelgiji walipandisha siku za kazi ya lazima mpaka 120 kwa mwaka. Bati ya Maniema ilienda kwa upande uleule ambao Turing alikuwa anautumikia, naye hakuwajua, nao hawakumjua.

Wenzake wa Bletchley walikuwa na hadithi zake nyingi. Alifunga kikombe chake kwa mnyororo ili kisiibwe. Majira ya maua alipanda kinga akiwa amevaa kinyago cha gesi, juu poleni ilimsumbua pua. Kinga yenyewe ilikuwa inaangusha cheni. Badala ya kuipeleka kwa fundi, alihesabu mizunguko mpaka akajua itaanguka lini, akawa anashuka na kuirekebisha kabla haijaanguka. Mwaka wa 1941 alimchumbia Joan Clarke, mwanahesabu aliyetumika naye. Alimwambia ukweli kwamba moyo wake unaelekea kwa wanaume. Hakukuwa na ugomvi, lakini uchumba aliuvunja mwenyewe. Walibaki marafiki. Kazi ya Bletchley ilifichwa mpaka miaka ya 1970, kwa hiyo alipokufa hata jirani hawakujua alifanya nini vitani.

Mwezi wa kumi 1945 aliajiriwa na maabara ya taifa ya fizikia, Teddington, kuchora ordinatere ya kweli. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa na ripoti, mashini inaitwa ACE. Gharama alikadiria pauni 11,200. Na mle ndani kuna kitu ambacho kila mwandishi wa programu anakitumia leo, mara nyingi bila kujua kilitoka wapi.

Turing aliona kwamba kazi zilezile zinarudiarudia: kugawanya, kutafuta mzizi wa namba, kubadili namba toka mtindo mmoja kwenda mwingine. Kwa nini kuziandika upya kila mara? Ziandikwe mara moja, ziwekwe, na kazi kubwa iziite inapozihitaji. Sawa, lakini kuna taabu. Kazi ndogo ikimaliza, irudi wapi? Inaweza kuitwa toka sehemu mia tofauti.

Chukua mtu anayejenga nyumba Kabambare. Misumari imekwisha. Anaweka alama kwenye mti wa ukuta alipofikia, anapanda kinga kwenda Kasongo. Kasongo, muuzaji anamwambia misumari iko kwenye mzigo uliobaki Kasongo-Rive, ukingoni mwa Lualaba. Anaweka alama ya pili: nikitoka mtoni nirudi kwa muuzaji huyu kumlipa. Anaenda mtoni. Sasa ana alama mbili kichwani. Lazima azitumie kwa kinyume, ya mwisho kwanza: mtoni arudi kwa muuzaji, kwa muuzaji arudi kwenye ukuta. Akizichanganya, atafika Kabambare na deni Kasongo.

Jibu la Turing lilikuwa maagizo mawili. La kwanza aliliita kufukia: kabla ya kwenda kwenye kazi ndogo, mashini inafukia maandishi ya mahali ilipoachia. La pili aliliita kufukua: kazi ikimaliza, mashini inafukua maandishi yaliyo juu kabisa, inasoma, inarudi. Kilichofukiwa mwisho kinafukuliwa kwanza. Unaweza kufukia mara nyingi, kazi ndogo ikiita ndogo zaidi, na njia ya kurudi haipotei.

Mpaka leo hakuna telefone wala ordinatere inayofanya kazi bila desturi hii. Majina tu ndiyo yamebadilika.

Turing mwenyewe hakuiona ACE ikitembea. Mafundi na wakubwa wa Teddington walichelewa, mambo ya biro yakazidi, naye akachoka. Alikuwa anatuliza hasira kwa kukimbia: mwaka wa 1947 alimaliza marathoni kwa saa 2 dakika 46, dakika 11 hivi nyuma ya mshindi wa Olimpiki ya mwaka uliofuata. Mwaka wa 1948 aliondoka kwenda Manchester. Toleo dogo la ACE lilianza kazi mwezi wa tano 1950, yeye ameshaondoka.

Wengine walichukua mbele. Cambridge, Maurice Wilkes na kijana David Wheeler walitengeneza mashini ya EDSAC iliyoanza 1949, pamoja na maktaba ya kazi zilizo tayari: tepe za karatasi zenye matundu, zimepangwa kabatini. Mtu alichukua tepe aliyoihitaji, akaiunganisha na yake, ndipo akaipa mashini. Maktaba ya lugha C ni kabati hiyohiyo iliyokua. Mna kazi za kupima urefu wa maandishi, kuomba nafasi ya kumbukumbu, kufungua faili, kusoma saa, kutafuta mzizi wa namba.

Tofauti ni kwamba leo mara nyingi tepe haziunganishwi mbele ya safari. Mashini ya kuigiza inaita wakati iko tayari inatembea. Inatafuta maktaba, inatafuta jina la kazi ndani yake, inapewa anwani, inaruka kwenda pale. Na hapa ndipo hatari ilipo, sawa na mkalimani kati ya mzee anayesema Kibangubangu tu na karani wa teritware anayesema Kifaransa. Lazima pande mbili ziwe zimekubaliana: jina la kazi, vitu vingapi vinapelekwa, ni vya namna gani, vinawekwa wapi, na jibu litaachwa wapi. Lugha C haiulizi mara mbili. Ukiiambia namba hii ni anwani, inaamini ni anwani, inaenda. Mkalimani akisema mbuzi watatu mahali pa faranga tatu, karani ataandika mbuzi. Kwenye telefone, matokeo ni programu kufa ghafla, ao kibaya zaidi, kuendelea na hesabu ya uongo.

Turing aliiona hatari hiyo mapema. Mwezi wa sita 1949, kwenye mkutano Cambridge, alieleza namna ya kukagua kazi ndefu: mwandishi aweke kando ya kila kipande maneno ya wazi kuhusu nini ni kweli wakati huo, ili mkaguzi athibitishe kipande kimojakimoja bila kubeba kazi nzima kichwani. Karatasi ile ilisahaulika. Miaka karibu ishirini baadaye wengine walilivumbua wazo hilo upya.

Pale Manchester alifanya jambo moja la kuchekesha linaloeleza mashini ya kuigiza kuliko vitabu vingi. Pamoja na rafiki yake David Champernowne alikuwa ameandika maagizo ya kucheza sataranji. Hakukuwa na ordinatere ya kuyaweza. Basi mwaka wa 1952 Turing akawa ordinatere mwenyewe. Alikaa mbele ya Alick Glennie, akasoma maagizo yake, akahesabu kwa penseli, na kucheza tu kile maagizo yalichosema, hata akiona ni ujinga. Hatua moja ilichukua karibu nusu saa. Alishindwa. Lakini programu ilikuwa imetembea, ndani ya mtu.

Miaka hiyo pia, 1950, alitoa makala ya kuuliza kama mashini inaweza kufikiri, ambayo yanabishaniwa mpaka leo. Na 1952 aliandika kuhusu namna wanyama wanavyopata madoa na mistari kwa kemikali zinazosambaa mwilini. Chui na punda milia, kwa hesabu.

Mwezi wa kwanza 1952 nyumba yake iliibiwa. Mwizi alikuwa anajulikana na kijana ambaye Turing alikuwa na uhusiano naye. Turing alienda polisi mwenyewe kuripoti wizi. Wakati wa kuulizwa hakuficha uhusiano huo; hakuona kosa lake liko wapi. Sheria ya Uingereza ya wakati ule ililiona. Polisi wakaacha wizi, wakamshika aliyeibiwa. Tarehe 31 mwezi wa tatu 1952 tribinali ilimhukumu. Alipewa kuchagua: gereza, ao dawa za homoni za kuua tamaa ya mwili kwa mwaka mmoja. Alichagua dawa. Zilimnenepesha, zikamuotesha matiti. Ruhusa ya kufanya kazi za siri za serikali ilifutwa. Mtu aliyejua siri kubwa kuliko karibu wote, na hakuitoa hata moja, alihesabiwa kuwa hatari.

Tarehe 8 mwezi wa sita 1954 mtumishi wa nyumba alimkuta amekufa kitandani, tangu jana yake. Ilikuwa sianidi. Pembeni palikuwa na tunda la tofaa lililoumwa, halikupimwa kamwe. Uchunguzi ulisema alijiua. Mama yake mpaka mwisho aliamini ni bahati mbaya, juu mtoto wake alikuwa na mazoea ya kuchezea kemikali nyumbani bila kunawa mikono. Mwili ulichomwa Woking na majivu yakamwagwa kwenye bustani, pale yalipomwagwa ya baba yake. Kaburi haliko.

Sheria ile ilibadilishwa kule Uingereza 1967. Waziri mkuu Gordon Brown aliomba radhi kwa jina la serikali mwaka wa 2009, na malkia Elizabeth alimsamehe mwezi wa kumi na mbili 2013, miaka 59 baada ya kifo. Wengi waliuliza nani hapo alipaswa kumsamehe nani. Maelfu ya watu wengine waliohukumiwa kwa sheria hiyohiyo walingoja zaidi.

Tangu tarehe 23 mwezi wa sita 2021, siku ambayo angetimiza miaka 109, uso wake uko kwenye noti ya pauni 50. Nyuma ya picha wamechora jedwali dogo la herufi na alama, lililotolewa katika makala ya 1936: maagizo ya ile mashini ya karatasi.